Sanda Haipigwi Bei

Anayeiba kuku Buguruni hupigwa kabla hajamaliza kujieleza. Anayemwibia maiti hukaa safu ya mbele msikitini, vijana wakampa shikamoo na wazee wakampisha njia. Kama maneno haya yana hasira, ni kwa sababu yameandikwa kwa hasira, na mwenye moyo laini aishie hapa. Atakayebaki atazisikia habari za Bi Mgeni Hafidhi, mwanamke aliyemfanyia kazi mtu wa namna hiyo, akala mshahara wake, na akauza mali yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Jina lake ni Mgeni, lakini mjini hapa hana ugeni wowote. Alizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Mafia, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu na ua wa nyuma, ambayo leo ni ghorofa la maduka ya simu na viatu. Ndugu waliiuza wakagawana, fungu la Mgeni likaishia hospitali kwenye maradhi ya mumewe, na mume akafa vilevile. Tangu hapo amepanga chumba Buguruni. Ni mfupi, kiasi kwamba watoto wa shule ya msingi wanamwangalia kutokea juu, ila sauti yake inawatosha watu wawili. Maisha yake yote amekuwa na kazi mbili, moja ya mshahara na moja ya thawabu. Ya mshahara ni ya dukani. Ya thawabu ni kuosha maiti wa kike, kazi aliyoirithi kwa mama yake na ambayo hajapata kuipokelea hata shilingi.

Duka lenyewe liko Mchafukoge, pale Kariakoo inapoishia na maofisi yanapoanza. Lilikuwa la Bi Huda, mama wa Kiarabu aliyezaliwa na kukulia mtaa huohuo, na kila aliyefiwa kuanzia Ilala hadi Buguruni alilijua. Mbele aliuza kanzu, kofia, mabuibui, udi na ubani. Nyuma, kwenye rafu ya chini, ilikaa bafta, ile pamba nyeupe ya kukatia sanda. Na juu ya sanda Bi Huda alikuwa na sheria ambayo hakuiandika popote: sanda haipigwi bei. Mnunuzi haombi apunguziwe, na muuzaji hapandishi. Mwaka uingie, mwaka utoke, unga upande, mafuta yapande, sanda kwa Bi Huda ilibaki pale pale. Anayebishania bei ya sanda, walisema watu wa mtaa, anamchelewesha marehemu wake.

Mtaa nao uliongeza sheria yake. Mzigo wa sanda haufunguliwi dukani, wala njiani, wala sebuleni. Hufunguliwa pale maiti anapovikwa, basi. Ukiufungua mapema, eti unamwita wa pili. Kwa hiyo hakuna aliyepima alichonunua, na hapakuwa na haja ya kupima, maana aliyekuwa anakata ni Mgeni. Bi Huda alimfundisha kupima kwa mkono, kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, na mwisho wa kipimo aongeze shubiri moja.

"Shubiri hiyo si yetu," alikuwa akimwambia, "na wala si ya mnunuzi. Ni ya marehemu."

Huko kwenye kuosha, mwenzake Mgeni alikuwa Bi Badria wa Ilala, mtu mzima kumzidi, mikono mikubwa, maneno machache. Waosha maiti nao wana amri yao, na hii ni ya dini na ya utu pamoja. Ukiona zuri kwa maiti, lisimulie. Ukiona baya, limeze. Kilichoonekana nyuma ya pazia la kuoshea hakitoki nje ya pazia, hata mwenye maiti mwenyewe akiuliza. Mwosha huoshwa, nani atakayetaka siku yake mwili wake usimuliwe barazani? Kwa hiyo wanawake hawa wawili walikuwa wamemeza mengi, na watu waliwaamini kwa sababu hiyo.

Bi Huda alipofariki, wao ndio waliomwosha na kumvika. Duka likaenda kwa mwanawe, Suud.

Suud hana ukali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. Ni mtu wa tabasamu, kanzu imepigwa pasi, na kila asubuhi alianza yeye. "Shikamoo, ma'mdogo." Mgeni alimwitikia marahaba na kuona fahari, maana alimbeba mgongoni huyu. Kila Ramadhani anafuturisha, na picha za futari hiyo zinazunguka kwenye simu za watu mpaka Sikukuu ipite. Basi siku moja akaja na maboksi. Ndani ya maboksi kulikuwa na sanda zilizokwisha kukatwa na kukunjwa, pamoja na pamba, sabuni, karafuu maiti na kichupa cha marashi, vyote kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kwa stika ya dhahabu. Stika imeandikwa *Seti Kamili*.

"Umeinama vya kutosha, ma'mdogo," alimwambia. "Hizi zinakatwa godauni. Wewe kaa mbele na mabuibui, pumzisha magoti."

Magoti yalikuwa yanauma kweli. Mgeni alishukuru. Mkasi ukaingia droo, na yeye akawa anazitoa zile seti rafuni na kumkabidhi mfiwa kwa mikono miwili, akisema maneno ambayo leo akiyakumbuka anatamani ayateme: "Kila kitu kimo, mwanangu. Nenda kamsitiri mama yako." Hakufungua hata moja. Atafunguaje mzigo wa sanda dukani, mtu aliyelelewa na sheria ile?

Bei haikubadilika. Watu wakamsifu Suud, kijana kashika mila ya mama yake.

Halafu akafa Shamsa, muuza vitumbua wa Ilala, mwanamke mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni. Mwanawe alikuja dukani asubuhi macho mekundu, na Mgeni mwenyewe ndiye aliyemkabidhi seti. Adhuhuri akaitwa kuosha. Yeye na Bi Badria walimaliza kumwosha Shamsa vizuri, wakamkausha, wakafungua mfuko wenye stika ya dhahabu.

Sanda ya mwanamke ina vipande vitano: cha kiunoni, kanzu, cha kichwani, na shuka mbili za kumzungushia mwili mzima. Mgeni alipokikunjua cha kwanza alidhani kimechanganyika na kitu kingine, kwa wepesi wake. Hakikuwa bafta. Kilikuwa kitambaa cha kuteleza, kile cha bitana, chembamba, na kilipogusa ngozi yenye unyevu kikaonyesha kila kitu. Kanzu iliishia mapajani. Shuka walizivuta huku miguu ikatoka, walizivuta kule kichwa kikatoka. Walikuwa wawili tu na marehemu, wanavuta kitambaa huku na huku, jasho linawatoka, na nje wanaume wanauliza kama tayari. Mgeni alitamani ardhi impasukie. Mwishowe alichungulia nje ya pazia akaomba shuka la kitanda, jeupe lolote. Shamsa akaenda kwa Mola wake amezungushiwa shuka lake la kulalia, lenye alama ya pasi upande mmoja.

Uso wa Bi Badria ulikuwa umebadilika rangi. Walipokuwa wananawa mikono uani, wamebaki peke yao, ndipo aliposema kwa sauti ya chini.

"Tumsitiri, Mgeni. Na yeye imemkataa. Kama Siti."

Siti alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa amekufa kabla ya mfungo, na Mgeni hakuwepo siku hiyo, alikuwa Tanga kwa shemeji yake. Bi Badria alimwosha mwenyewe na mwanamke mwingine wa pale mtaani.

"Imemkataa vipi, dada?"

"Sanda ilimkataa. Ilimpungukia, ikamwacha uchi. Nikamfunga kanga zangu nyeupe. Sijui alimtendea nani nini mdogo wangu, sijui. Namwombea usiku na mchana."

Hapo lazima tusimame kidogo, hata kama inauma. Hakuna shehe aliyewafundisha jambo hilo. Hakuna kitabu kinachosema kitambaa kinapima dhambi za mtu. Ni maneno ya uani tu, ya bibi kwa mjukuu, kwamba sanda ikimpungukia maiti basi kuna haki ya mtu imemfunga. Zamani maneno hayo hayakumdhuru mtu, kwa sababu sanda za Bi Huda hazikumpungukia mtu. Sasa Suud ameleta bitana yake fupi, na kila mwosha aliyekutana nayo akadhani ni siri ya yule maiti, akaimeza kwa heshima. Mmoja wa Ilala amemeza, mwingine wa Buguruni amemeza, kila mmoja peke yake, akimwonea huruma marehemu wake kwa dhambi ambazo hakuzitenda. Uaminifu wa wanawake hawa ndio uliokuwa kufuli la godauni la Suud. Unasikia hasira au husikii?

Kesho yake Mgeni alifika dukani kabla ya wenzake. Akaingia stoo, akafungua seti moja, akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Bitana, bitana, bitana. Suud alimkuta amekaa sakafuni katikati ya vitambaa vyeupe.

"Ma'mdogo, shikamoo. Kuna nini?"

Mgeni hakuitikia marahaba, kwa mara ya kwanza. "Hii ni nini, Suud?"

Suud alivuta kiti akakaa. Hakukana, na hilo lilimtia Mgeni hofu zaidi kuliko kama angekana.

"Pamba imepanda, ma'mdogo. Bandarini kumepanda, kodi ya duka imepanda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningepandisha bei."

"Ya sanda? Mji mzima ungesema mtoto wa Huda anakula kwa maiti. Bei siwezi kuigusa, wewe unajua."

"Kwa hiyo ukakigusa kitambaa."

"Kidogo." Akainua vidole kuonyesha udogo wenyewe. "Mbona mnalichukulia hivyo? Mwili unaenda kuoza. Udongo haupimi, ma'mdogo."

Masikio ya Mgeni yalipata moto. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyemvika Bi Huda, na kwamba siku hiyo Suud angethubutu kusema udongo haupimi, asingetoka mlangoni na meno yote. Lakini Suud, ambaye ni mfanyabiashara, aliiona hasira hiyo akawahi.

"Basi, yaishe. Nimekosa. Wiki ijayo naleta bafta ileile ya mama, mkasi unarudi kwako, kata unavyojua, na shubiri yako weka. Bei nitajua mwenyewe nitaifidia wapi. Hizi seti nazitoa zote humu. Ila haya yaishie hapahapa. Wewe ni mwosha, kusitiri unakujua kuliko mimi."

Na Mgeni alikubali.

Usikimbilie kumhukumu. Alijiuliza maswali yaliyostahili kuulizwa. Akisema, atasema nini? Kwamba Shamsa alikuwa hivi na hivi nyuma ya pazia? Yule kijana aliyekuja na macho mekundu aambiwe mama yake alivutwa huku na huku kama godoro? Waliokwisha kuzikwa wamezikwa, hawafukuliwi wakavikwa upya, na wa kesho watavikwa vizuri kwa mkasi wake mwenyewe. Tena kazi ataipata wapi, umri huu na magoti haya? Bafta ilikuja kweli. Mkasi ulirudi kweli. Mgeni akakata, akaongeza shubiri, na akajisemea kimoyomoyo kwamba jambo limetengenezwa bila kumwaibisha mtu. Watu wengi wenye akili zao wanaishia hapo na wanaita ni busara.

Jumapili moja asubuhi alikuwa anafua uani kwake Buguruni, akasikia hodi. Ni Bi Badria. Miguu imevimba, ndala imemkata kidoleni, mtandio umelowa jasho. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya Mgeni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mdogo wangu, nimekuja kumwombea radhi Siti. Kama alipata kukukosea, kwa neno au kwa kitu, kwa kujua au kwa kutojua, naomba umsamehe."

"Dada Badria, umetoka Ilala kwa ajili hiyo?"

"Nazunguka nyumba hadi nyumba. Ilala nimeshamaliza, na Kariakoo kwa wale walioko bado. Ipo haki ya mtu imemfunga. Nikimpata mwenyewe, nitailipa."

Kumwombea marehemu radhi si jambo geni, hufanywa siku ya maziko, mara moja, mbele ya jeneza. Lakini dada mtu kuzunguka mji miezi baada ya maziko, akibisha kila mlango, hilo watu hawajazoea, na watu wakiona wasichokizoea hutafuta sababu. Ilala sababu zilikuwa zimeshapatikana. Wapo waliosema Siti alikula mali ya yatima. Wapo waliomtaja mume wa mtu. Bi Mauza, jirani yao wa mtaa wa pili, alikwisha kumwambia binti wa Siti asilete tena sambusa zake kwenye shughuli, akaacha maelezo hewani. Mwanamke aliyeishi safi maisha yake yote alikuwa anachafuliwa kaburini, na aliyekuwa anambebea uchafu mlango kwa mlango, bila kujua, kwa mapenzi, kwa miguu iliyovimba, ni dada yake.

Mgeni alifungua mdomo. Kwenye ulimi kulikuwa na ahadi aliyompa Suud na kulikuwa na amri ya waosha, vyote viwili vimekaa hapo. Na kilichotoka ni hiki:

"Nimemsamehe, dada."

Alimsamehe Siti, yeye aliyekuwa anajua. Bi Badria alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akaenda kubisha mlango wa jirani. Mgeni alibaki na povu la sabuni mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe alilia kwa sauti.

Alipotoka kwenda kununua sukari, macho bado yamevimba, Mungu akamwonyesha mengine. Kwenye duka la Hashimu, pembeni ya sokoni, chini ya madumu ya mafuta, palipangwa mifuko yenye stika za dhahabu.

"Hashimu, hizi umezipata wapi?"

"Kwa Suud wa Mchafukoge, mama. Kanipa kwa bei ya kutupa. Zinatoka balaa, huku watu hali ngumu."

Suud alikuwa mkweli, basi. Alisema atazitoa, na alikuwa amezitoa. Amezitoa Mchafukoge akazileta Buguruni, kwa watu ambao wakiaibika hawana wa kumwambia. Mgeni alinunua seti moja. Sukari aliisahau.

Jumatatu alimfuata Suud mezani kwake, na hakukaa.

"Nenda kwa Bi Badria. Umwambie ni kitambaa chako, si mdogo wake. Halafu nenda kwa Hashimu ukatoe ule uchafu."

"Nikienda kwa mmoja, nitaenda kwa wangapi?" alisema Suud, bado na tabasamu lake. "Ma'mdogo, nani kamwambia yule bibi azunguke? Ujinga wake si wangu. Na wewe ukitaka kusema, sema. Waambie ulichokiona kwa maiti za watu, uone kama kuna atakayekuita tena kuosha. Halafu waambie nani alikuwa anawakabidhi. Mdomo uliouza ni wako."

Mgeni alirudi kwenye mkasi wake. Ubaya wa maneno ya Suud ni kwamba yote yalikuwa kweli. Siku zilizofuata alikata bafta kimya, na wenzake wakamuuliza kama anaumwa. Alikuwa anaumwa, ndiyo. Alikuwa anatafuta namna ya kumtoa Siti kwenye midomo ya watu bila kumtoa maiti yeyote nyuma ya pazia, na kila alipogeuka aliikuta ile amri imesimama. Aibu ya maiti husitiriwa. Aliirudia akiwa jikoni, aliirudia akiwa anakata, na ni katika kuirudia hivyo ndipo alipoisikia vizuri. Amri inasema maiti. Haimtaji muuzaji. Waosha wote walikuwa wamemfunika Suud kwa shuka la marehemu, na hakuna aliyewahi kuwaambia wamfunike.

Ijumaa alimwomba Bi Badria amsindikize dukani. Hakumwambia kwa nini. Walifika watu wanatoka kuswali, barabara imejaa kanzu, na dukani wateja wamebanana. Suud alikuwa mbele, anapokea salamu.

Mgeni aliweka mfuko wenye stika ya dhahabu juu ya kaunta, akauchana. Mama mmoja aliyekuwa anachagua buibui alisema audhubillahi, akarudi nyuma, kwa sababu sanda inafunguliwa dukani. Mgeni hakusimama. Akakunjua kanzu ya sanda, akaivaa juu ya dera lake, mbele za watu, mchana kweupe.

Kanzu iliyotakiwa kumfunika mtu mzima mpaka miguuni ilimwishia Mgeni magotini.

"Mimi mnanijua kimo changu," alisema, na ile sauti yake ikafika barabarani. "Hamkuanza leo kunicheka. Basi angalieni."

Akazungusha shuka. Haikukutana kifuani. Akachukua chupa ya maji ya mteja iliyokuwa kwenye kaunta, akajimwagia begani, na maua mekundu ya dera yakatokea yote, mpaka na majani yake.

"Ma'mdogo, vua hiyo," alisema Suud.

"Sisemi habari za maiti yeyote, na sitasema mpaka nife. Nasema habari za kitambaa. Hiki kimeuzwa hapa tangu seti zilipoanza. Sasa hivi kinauzwa Buguruni. Aliyekuwa na mtu wake akavikwa hiki, ajue mtu wake hakukataliwa na kitu. Aliibiwa."

"Na wewe si ndiye uliyekuwa unatupa?" alidakia mwanamke mmoja nyuma, kwa ukali. "Mkono kwa mkono ulinipa mimi."

"Nilikupa mimi," alisema Mgeni. "Ndiyo."

Bi Badria alikuwa bado mlangoni. Watu walimpisha. Alikuja polepole, akainama, akashika pindo la ile kanzu kwa vidole viwili, akalisugua kama anavyosugua mtu anayechagua kitambaa.

"Ni hiki," alisema. Hakuwa anaongea na mtu. "Ni hikihiki."

Akakaa sakafuni, mtu mzima yule, kati ya miguu ya wateja, akalia kilio ambacho kilikuwa kimezuiwa tangu kabla ya mfungo. Hakuna aliyethubutu kumnyanyua. Alipomaliza alinyanyuka mwenyewe kwa kushika kaunta, akamtazama Suud.

"Mwanangu, mama yako tulimvika ya kutosha. Wewe ulikuwa umekaa nje ya mlango unalia, nakukumbuka. Sasa nyumba nilizozunguka ni nyingi. Utakuja na mimi, tuzizungukie tena, uwaambie?"

Suud aliangalia watu waliojaa, akaangalia simu zilizoinuliwa. "Tutazungumza, bibi," alisema. "Hapa watu wengi."

Hawakuzungumza. Jioni ileile alituma gari na gunia la mchele na mfuko wa sukari nyumbani kwa Bi Badria, na Bi Badria alilirudisha gari na mzigo wake kabla halijazima injini. Duka lilifungwa kidogo, likafunguliwa. Wapo waliohama na wapo waliorudi, kwa sababu liko karibu na kwa sababu watu husahau. Hakuna aliyemshtaki Suud popote. Angeshtakiwa na nani, wakati wenye haki wote wako chini ya udongo usiopima? Ijumaa anaonekana safu ya mbele kama kawaida. Kama ulisubiri aanguke, na sisi tulisubiri.

Mgeni hana kazi ya dukani tena. Ya kuosha nayo imepungua. Wengine wanasema mwanamke aliyejivika sanda yu hai amejitabiria kifo, wengine wanasema alijua akanyamaza, na hawa wa pili hawawezi kujibiwa. Lakini Suud alipokataa kuzunguka, alizunguka yeye. Walianza Jumamosi, yeye na Bi Badria, Ilala yote, nyumba hadi nyumba, wakienda kwa kupumzika kwa sababu ya ile miguu. Mlangoni Mgeni ndiye aliyetangulia kusema, kila mlango maneno yaleyale: Siti hakuwa na haki ya mtu, sanda ilikuwa mbovu, na sanda hizo nilikuwa naziuza mimi. Kuna waliomkaribisha ndani. Kuna waliofunga mlango usoni mwake, naye akangoja pembeni Bi Badria amalize salamu.

Kwa Bi Mauza walifika alasiri. Bi Mauza aliwasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. Si mtu mbaya, ni mtu wa kawaida.

"Masikini Siti," alisema. "Lakini dada Badria, ungejipumzisha tu, usingehangaika na jua hili. Sisi humu ndani tulishamsamehe siku ileile uliyokuja."

Bi Badria alishika mwimo wa mlango, akavuta pumzi.

"Ndicho nilichokuja kufuata," alisema. "Hakuwakosea kitu. Naomba mnirudishie huo msamaha wenu."